Jinsi ya kuipa programu yako usukani wa SSD za seva, anzia kwenye laptopu yako

Wakuu, kama una mfumo unaoandika data usiku na mchana, tuseme wa miamala ya simu uliokaa kwenye seva pale Kijitonyama, na majibu yanachelewa ghafla wakati SSD ni mpya kabisa, chungulia tabia ya diski yenyewe. Flashi, yaani chipu ambazo SSD inahifadhia data, haifutiki kidogo kidogo. Ni kama daftari la madeni la mwenye duka anayeandika kwa peni, anaongeza mstari mmoja mmoja ila akitaka kusafisha inabidi achane ukurasa mzima, na ambao hawajalipa lazima kwanza awahamishie ukurasa mwingine. SSD ya kawaida inafanya huo uhamishaji kimya kimya kwa muda wake yenyewe, umeandika giga moja yenyewe inaweza kuandika mbili, diski inachakaa na mteja anasubiri.

Dawa ni programu ipange yenyewe data ipi ikae wapi, maana wewe ndo unajua logi ya leo inafutwa kesho na picha ya kitambulisho inakaa miaka, diski haijui. Njia zipo kadhaa. LightNVM, njia ya zamani ya kuiachia programu ipange flashi, iliingia Linux 4.4 ikaondolewa 5.15, hiyo achana nayo. KIOXIA, watengenezaji wa flashi, wana Software-Enabled Flash, mradi uko Linux Foundation. Mi nashauri uanze na ZNS (Zoned Namespaces), kiwango cha 2020 cha NVMe, ile lugha ya kompyuta kuongea na SSD, Linux inaisapoti tangu 5.9: diski inagawanywa zoni, kila zoni unaandika kwa mfululizo tu, ukimalizana nayo unaifuta nzima.

Usizunguke Kariakoo kutafuta diski ya hivyo, Linux inaiigiza:

sudo modprobe null_blk nr_devices=1 gb=4 zoned=1 zone_size=64
sudo blkzone report /dev/nullb0

Zitatokea zoni 64. Kaa na ile wptr (write pointer), ndo inasema utaandikia wapi. Sasa andika:

sudo dd if=/dev/zero of=/dev/nullb0 bs=4k count=10 oflag=direct

Piga report tena, wptr ya zoni ya kwanza imefika 0x000050, yaani sekta 80 za baiti 512. Rudia dd ileile, inagoma na Input/output error, na ndivyo inavyotakiwa, huruhusiwi kurudi nyuma. Ongeza seek=10 inapita. Kuanza upya:

sudo blkzone reset -o 0 -c 1 /dev/nullb0

Angalizo, hapa data haihifadhiwi, unajifunza mpangilio tu, ukitaka kujaribu mfumo mzima tumia QEMU, programu inayoigiza kompyuta nzima.

Kwenye kodi (code) ya programu yako sasa, data zinazokufa pamoja ziwekee zoni moja, logi na logi, picha na picha, hapo ndo faida yote ilipo, ukizichanganya umerudi kulekule kwa kuhamisha mistari. Unatumia hifadhidata ya RocksDB? Kuna ZenFS inayoiwezesha kuandika kwenye zoni. Hutaki kugusa kodi, mifumo ya mafaili ya F2FS na Btrfs inaelewa zoni. Na kama programu haiwezi kabisa kuandika kwa mfululizo tafuta diski zenye FDP (Flexible Data Placement), iliyopitishwa 2022, unaandika popote ila kila data unaipa alama ya kundi lake.

Ukishapata seva yenye diski halisi soma /sys/block/nvme0n1/queue/zoned, ikisema host-managed ndo yenyewe, ikisema none hiyo ni SSD ya kawaida. Soma na max_open_zones hapohapo, idadi ya zoni zinazoweza kuwa wazi kwa wakati mmoja, kabla hujaamua una makundi mangapi.