Skuta ya kwanza: anza na njia yako, rangi baadaye

Kilomita 14 kwenda kazini, 14 kurudi, niko peke yangu ndani ya gari la viti vitano. Nilipochoka kulilisha nikatafuta skuta, na kosa langu lilikuwa kuchukua yenye injini ndogo, ya cc 50. Mjini ilitosha. Kwenye kilima cha kilomita ya tisa, malori yalinipigia honi mgongoni. Njia yako ikiwa na mlima au magari ya kasi, chukua ya cc 110 hadi 125: hunywa takribani lita 2 hadi 2.5 kwa kilomita 100, na huna haja ya kuikamua muda wote.

Kaa juu yake kabla ya kuuliza bei. Nyayo zifike chini. Magurudumu ya inchi 12 au zaidi huvumilia mashimo kuliko ya inchi 10.

Unanunua iliyotumika? Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, kisha sogeza mkono karibu na injini. Ikiwa ina moto, huenda anaficha kwamba asubuhi inagoma kuwaka. Uliza mkanda wa kuzungusha gurudumu ulibadilishwa lini. Ukikatika, injini inanguruma na wewe husogei (nilisukuma, najua uzito wake). Soma tarakimu nne za tarehe ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Tenga pia pesa za helmeti, bima na koti la mvua. Koti nililipuuza; nikafika kikaoni nachuruzika maji.