Kabla ya kwenda Bodie, mahame ya dhahabu

Bodie iko mashariki mwa California, mita 2,550 hivi juu ya usawa wa bahari, na haina mgahawa, hoteli wala kituo cha mafuta. Jaza tangi Bridgeport au Lee Vining, ubebe chakula na maji ya kutosha. Kutoka barabara kuu namba 395 unashika namba 270, na kilomita 5 za mwisho hazina lami, ziendee taratibu. Usitegemee simu kukuonyesha njia.

Chagua msimu. Kipupwe kikianza barabara hufunikwa na theluji, na wanaofika huko hutumia skii. Baridi yenyewe si ya kuchezea: W. S. Bodey, aliyepata dhahabu hapo mwaka 1859, alikufa katika dhoruba ya theluji bila kuuona mji uliobeba jina lake. Hata kiangazi chukua sweta, na kofia pia, kwa sababu jua ni kali na miti hakuna.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kusoma kwanza. Asiyejua kisa ataona vibanda tu. Mwaka 1876 kampuni ya Standard ilifikia mwamba wenye dhahabu nyingi, na kufikia 1880 mji ulikuwa na maelfu ya watu, wakiwemo Wachina waliokuwa na mtaa wao. Dhahabu ikapungua, watu wakaondoka. Moto wa 1932 uliteketeza sehemu kubwa ya mji, na mwaka 1942, wakati wa vita, serikali ikaamuru migodi ya dhahabu ifungwe. Tangu 1962 ni hifadhi ya jimbo. Majengo kama 110 yaliyobaki huzuiwa yasianguke, lakini hayafanywi mapya, na kwangu huo ndio uamuzi bora kabisa: ukichungulia dirishani utaona bidhaa za duka bado zimepangwa rafuni. Kinu cha Standard, kilichosaga mawe yenye dhahabu, huingiwa kwa kuongozwa na mwongozaji tu, basi ukifika ulizia zamu mapema.

Usichukue kitu, hata msumari. Sheria inakataza, na wapo waliorudisha vitu kwa posta wakiamini vimewaletea mikosi. Mimi natosheka na sababu moja: mgeni wa kesho naye ana haki ya kuviona.

Vaa viatu vilivyofunika vidole, kwani vigae vya chupa na misumari yenye kutu vimetapakaa. Sigara iishie kwenye maegesho, maana mbao zile zimekauka mno.