Fua bomba la hewa la kitambaa kabla mvua hazijaanza
Wenzangu mnaotunza majengo hapa Tabora, kiangazi hiki cha vumbi msisubiri bomba la hewa la kitambaa, lile linaloning'inia darini na kusambaza hewa ya mashine ndani ya jengo, lilegee kama soksi ndipo mlishushe. Pitisha kiganja juu yake: kikitoka na udongo, au hewa ikitoka kwa unyonge, limeziba. Angalia kwanza chujio la mashine ya hewa. Likiwa chafu au limekaa upande, utafua bure.

Zima feni, fungua zipu, shusha kipande kimoja kimoja. Kila kipande kiandike namba na mshale wa hewa inakoelekea kwa kalamu isiyofutika. Tafadhali usiruke hapo: vipande vinafanana mno, na matundu yakigeuka hewa itapiga dari badala ya watu.

Kung'uta vumbi nje, fua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, suuza mpaka povu liishe. Jiki hapana, inachosha nyuzi. Dawa ya kulainisha nguo pia hapana, inaziba vinyweleo vya kitambaa.

Anika kivulini mpaka mishono na zipu zikauke kabisa. Unyevu ukibaki, ukungu utaota humo humo na wateja watauvuta. Ukirudisha, washa feni kwa kasi ndogo kwanza.