Jinsi ya kumchora mkimbizi bila kuchora mawazo yako

Kabla hujashika penseli, andika maneno matano ya kwanza yanayokujia ukisikia mtu kaitwa mkimbizi. Usiyapambe. Mi yangu yalikuwa mahema, njaa, foleni, vita, machozi. Kunja hiyo karatasi weka mfukoni.

Vifaa sio ishu, manila, penseli HB (ile ya kawaida) na 4B (laini, nyeusi zaidi), raba, Kariakoo vyote vipo. Ishu ni ruhusa, na hapa naomba tuelewane kabisa: mkimbizi Tanzania anatakiwa aishi kambini na akitoka awe na kibali, kwa hiyo ukirusha sura yake Insta na mtaa aliofikia unaweza kumletea matatizo makubwa. Muulize kwanza, mwambie picha itakaa wapi, akikataa basi.

Sasa kuchora. Macho yanakaa katikati ya kichwa, pima toka utosini mpaka kidevuni utaona, ila karibu kila anayeanza anayapandisha juu kwa sababu anachora anachodhani anakijua. Mi macho niliyapatia, nikakosea pengine. Nilimchora mama mmoja wa Kivu Kusini, Congo, yuko kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, Kigoma, toka inaanza 1996, alikuja Dar kwa matibabu na kibali chake. Muda wote nachora yeye ananielekeza anavyopika sombe, ndo kisamvu chetu hiki hiki, anacheka mpaka mabega yanatikisika. Nikamuonyesha. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, mbona umenichora kama niko na msiba?"

Kweli bwana, nimemkunja paji la uso, nimemshusha pembe za mdomo, mikunjo ambayo usoni kwake haipo kabisa. Nikatoa ile karatasi mfukoni. Machozi. Iliniuma sana.

Kwa hiyo chora mara mbili. Ya kwanza iache itoke inavyotoka, halafu kaeni wote muizungushie wino mwekundu kila sehemu penseli yako imeongeza kitu. Ya pili usiseme hii pua hili jicho, fuata kivuli na mwanga tu, anzia kivuli cha chini ya pua, na yeye ndo aamue avae nini, akae vipi. Mama alitaka hereni zake, na mwanya wake wa mbele uonekane, anaupenda sana.

Hiyo ya pili kaondoka nayo Kasulu, imeviringishwa kwenye gazeti. Ya kwanza ninayo mimi, na duara lake jekundu pale kwenye paji la uso.