Somo: Kununua samaki mbichi sokoni Lamu

Assalaam aleikum jamaa zangu. Hakuna wiki inayopita bila mtu kuniuliza atamjuaje samaki mbichi, au mbona mchuzi wake umetoa harufu na samaki aliambiwa ni wa leo. Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake, na kunyamaza siwezi kwa sababu mengine yanagusa afya za watoto. Basi nimeyaweka yote hapa. Mimi hununua soko la kando ya Ngome na pale vyombo vya uvuvi vinaposhusha, lakini mtu wa Malindi au Kizingitini atafuata hayo hayo.

1. Jua vyombo vinaingia saa ngapi. Waliolala baharini hushusha alfajiri na asubuhi. Waliotoka alfajiri hurudi adhuhuri hadi alasiri, kwa kutegemea upepo na maji. Ukienda saa moja asubuhi ukidhani umewahi, huenda ukakutana na samaki wa jana jioni aliyelala sokoni. Muulize mchuuzi, "Huyu ameshuka na chombo gani, saa ngapi?" Aliye na samaki mzuri hukujibu papo hapo na mara nyingine hukuonyesha na chombo chenyewe. Ijumaa wavuvi wengi hupumzika, kwa hiyo siku hiyo uliza mara mbili.

2. Beba chombo chako. Ndoo yenye kifuniko au kikapu, na barafu ndani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, usimtegemee mchuuzi akufungie.

3. Angalia msimu. Kaskazi, kuanzia Novemba hivi hadi Machi, bahari hutulia na samaki wa nje ya miamba hupatikana: nguru, jodari, kolekole. Kusi ikishaingia, tangu Aprili hadi Septemba, bahari huchafuka, vyombo vidogo havitoki, na bei hupanda. Wakati wa kusi mimi huachana na samaki wakubwa nikanunua wanaovuliwa ndani: tafi, changu, mkizi, na kaa wa mikoko. Mtu akikuonyesha nguru mkubwa katikati ya kusi, na upepo ulivuma wiki nzima, muulize ametoka wapi na amekaa kwenye barafu siku ngapi.

4. Mkague. Jicho liwe limetuna na linang'aa. Lakini usihukumu kwa jicho peke yake, kwa sababu barafu ikiligusa huweka ukungu hata kwa samaki wa leo. Funua shavu kwa kidole utazame matamvua: yawe mekundu ya damu na ute wake mwangavu. Yakiwa ya kahawia, au kijivu na ute mzito, mrudishe. Samaki ambaye matamvua yameshatolewa kabla hujafika, mimi simgusi. Bonyeza mgongo, nyama irudi. Tumbo liwe gumu, lisiwe limelegea wala kupasuka karibu na tundu la choo. Ukimshika kichwa akabaki amekakamaa kama ubao, huyo ni mbichi kweli, hajapita saa nyingi tangu afe. Harufu iwe ya bahari. Maji anayomwagiwa kila dakika yasikupumbaze, hayo humng'arisha ngozi tu.

5. Jodari, nguru, sehewa na vibua: hapa tafadhali someni polepole.

Ukoo huu una hatari yake, na hatua ya 4 haitoshi kuigundua. Nyama yao ina histidini nyingi, kiungo kimojawapo cha protini. Samaki akikaa kwenye joto baada ya kufa, bakteria walioko kwenye matamvua na matumbo huigeuza ikawa histamini, kemikali inayomwasha na kumchoma anayeila. Histamini haina harufu, haina rangi, na samaki huweza kuonekana mzima kabisa. Na jambo ambalo watu hawakubali kulisikia: haiondoki kwa moto. Ukaange, uchemshe, upake nazi, uweke friza, utie limau, imo vile vile. Nimeshuhudia nyumba moja, jodari aliyenunuliwa saa nane mchana akiwa ameanikwa juani juu ya meza, vipande vizuri vyekundu. Walimla kwa wali. Kabla vyombo havijaoshwa watoto nyuso zimewaka, wanajikuna, midomo inawachoma kama wamekula pilipili, mama wa nyumba anashika kichwa na moyo unamwenda mbio. Walipona, alhamdulillah, lakini usiku ule hakuna aliyelala.

Kwa hiyo:

Usinunue samaki wa ukoo huu kama hayupo kwenye barafu, isipokuwa umemwona anashuka chomboni, na hata hapo muulize mvuvi kama alikuwa na barafu huko baharini. Barafu iwe inamzunguka, siyo kipande kimoja kimewekwa juu kwa mapambo. Kwa joto letu kipimo kizuri ni kilo ya barafu kwa kilo ya samaki.

Usinunue vipande vilivyokatwa zamani. Mwambie akukatie mbele yako.

Ukionja ukahisi ulimi unawasha au kuchoma na hukutia pilipili, acha kula hapo hapo na uwazuie wengine. Mtu akibanwa na pumzi au akivimba uso, mpelekeni hospitali mara moja, na mtaje kwamba amekula samaki gani.

6. Patana bei kabla ya kisu. Uzito upimwe na samaki mzima, ukiona mizani mwenyewe inasimama kwenye sufuri. Kumbuka tewa ana kichwa kikubwa. Nyama tupu huenda isifike nusu ya ulicholipia. Kwa familia kubwa na mfuko mdogo, fungu la tafi au changu lina faida zaidi.

7. Aparwe, atumbuliwe, umwondoe. Simama hapo hapo. Omba ubao umwagiwe maji kwanza, na kichwa cha samaki wako usikiache. Akishatumbuliwa moja kwa moja kwenye barafu, kisha nyumbani. Huu si wakati wa kupita kwa jirani kuzungumza.

---

Maswali ya wanachama

Kijana wa Langoni: Shangazi, kilo ya changu sasa ni ngapi?

*Jibu:* Bei ya asubuhi siyo ya alasiri. Uliza wachuuzi watatu, utaijua.

Mkaazi wa Mkomani: Ahsante sana kwa somo. Mimi huwa nawashwa nikila jodari, lakini si kila mara, na changu hanidhuru kabisa. Nilijiambia nina mzio wa samaki nikaacha. Je, yaweza kuwa ni hii histamini?

*Jibu:* Swali zuri, dada, na naamini wako wengi kama wewe. Mzio wa kweli kwa kawaida humjia mtu kila anapomla samaki yule, hata kidogo, hata akiwa mbichi wa chomboni. Wewe unasema mara nyingine unamla na hupati kitu, na wanaokutesa ni wa ukoo wa hatua ya 5. Hiyo inaelekea zaidi kwenye histamini kuliko mzio. Kitu kingine cha kukumbuka: siku uliyowashwa, je, wengine mliokula sahani moja waliwashwa pia? Mzio humchagua mtu, histamini haimchagui. Lakini usijijaribu mwenyewe nyumbani. Mweleze daktari haya yote, aina ya samaki na muda uliopita kabla ya kuwashwa, akupime. Mpaka hapo endelea na changu na tafi.

Baharia Mstaafu: Nimesoma haraka haraka. Nguru akilala nje usiku mmoja bila barafu, nikimkaanga mpaka akauke si atakuwa salama?

*Jibu:* Hapana. Soma hatua ya 5 tena, pale niliposema haiondoki kwa moto.

Baharia Mstaafu: Bibi zetu hawakuwa na barafu wala friza na waliishi miaka mingi. Mnatutisha bure.

*Jibu:* Bibi zetu, mzee wangu, hawakumlaza nguru nje kisha wakamkaanga asubuhi. Walimnunua aliposhuka, wakampika mchana ule ule, na aliyezidi walimpasua siku hiyo hiyo wakamtia chumvi na kumwanika akawa ng'onda. Walikuwa na utaratibu wao na waliushika. Sisi tumeacha chumvi ya bibi na barafu hatujaishika. Sitishi mtu, nimeandika niliyoyaona kwa macho yangu.

Mwanafunzi wa Upishi, Malindi: Bi, nina swali la papa. Nilimnunua asubuhi akiwa na matamvua mazuri, nikamweka kando, alasiri akatoa harufu kali ya choo mpaka macho yananitoka machozi. Nilidanganywa?

*Jibu:* Huenda hukudanganywa, mwanangu. Papa na taa wana urea ndani ya nyama yao, ndivyo walivyoumbwa waweze kuishi kwenye maji ya chumvi. Wakishakufa bakteria huigeuza urea kuwa amonia, na hiyo ndiyo harufu uliyoisikia. Kwa joto la Malindi saa chache zatosha. Papa anatakiwa atolewe damu mapema, atumbuliwe na awekwe kwenye barafu palepale. Ukifika nyumbani mloweke kwenye maji ya limau au siki kidogo kabla ya kupika, harufu ndogo huondoka. Ile ya kutoa machozi usijisumbue nayo, mtupe. Na ukimnunua, mnuse karibu na uti wa mgongo ambapo kisu kimepita. Hapo ndipo harufu huanza.

Mgeni wa Shela: Pweza wangu kila mara anakuwa kama mpira. Nanunua vibaya?

*Jibu:* Kununua pweza ni rahisi: ngozi iwe ya kahawia yenye madoadoa, vikombe vya mikono vinanata kidole, hana harufu. Akigeuka waridi na ute unanuka, amekwisha. Wakati wa bamvua, maji yakitoka sana, wachokozi wa pweza hutembea miambani na ndipo utawapata wengi na wazuri. Ugumu ni wa jikoni: apigwe sana kwenye jiwe, kisha achemshwe moto mdogo bila chumvi.

Fundi wa Mashua: Mimi simpigi. Namweka friza usiku kucha, namtoa anayeyuka, anapikika laini.

*Jibu:* Kweli kabisa, baridi huvunja nyuzi za nyama. Mwenye friza afanye hivyo, ataokoa mkono wake.

Mama wa Watoto Wanne: Nimenunua kaa kwa kilo, nikipasua ni maji matupu.

*Jibu:* Huyo alikuwa ametoka kujivua gamba na hajajaa bado. Mbonyeze upande wa chini, karibu na miguu. Gamba likibonyea, mwache. Chukua aliye hai, mzito kwa ukubwa wake, na gamba gumu lenye makwaruzo ya zamani. Na kwa kamba mawe, ukiona mayai yameshikana chini ya mkia, usinunue. Sheria hairuhusu kumvua huyo, na kila mtu akimkataa mvuvi atamrudisha baharini.

Kijana wa Langoni: Je, nyama ya kasa? Kuna mtu anauza kimya kimya.

*Jibu:* Usinunue, na usikubali hata ukipewa bure. Kasa analindwa kisheria hapa Kenya. Na zaidi ya sheria, nyama yake mara nyingine ina sumu ambayo kupika hakuiondoi. Machi 2024 kisiwa cha Panza, Pemba, walikufa watoto 8 na mtu mzima mmoja baada ya kula kasa. Hiyo ni bahari yetu moja. Bunju, yule samaki anayejivimbisha, naye ni hivyo hivyo, sumu yake haitoki kwa moto. Akichanganyika kwenye fungu, mtoe na usimwachie paka wala mtoto achezee.

Mkaazi wa Mkomani: Bi, na vichwa vya tewa nifanye nini? Mchuuzi hunipa.

*Jibu:* Vipokee vyote! Toa matamvua yaliyobaki, safisha damu ya ndani mpaka maji yawe meupe, pasua katikati. Vichemshe na kitunguu, tangawizi, nyanya moja na pilipili mbuzi nzima isiyopasuka. Povu la mwanzo uliondoe. Limau litiwe baada ya kuepua. Nyama ya mashavu ndiyo tamu kuliko yote, wape wazee.