Kusanya Agosti, gawa Februari: namna ya kuandaa siku ya kuchangiana mwishoni mwa kipupwe

Huku kwetu Newala na Tandahimba, mkoani Mtwara, Agosti ni mwezi wa mifuko mitupu. Pesa ya korosho ya msimu uliopita imekwisha, iliyosalia imeingia kwenye kupulizia mikorosho, na minada ya korosho haianzi mpaka Oktoba. Walioko Mikindani na Lindi mjini nao bado wanasumbuliwa na upepo wa kusi baharini. Lakini ingia ndani ya nyumba uone: mahindi yameshavunwa, mtama upo, makopa, yaani mihogo mikavu, yamejaa juani. Njoo tena Februari. Mvua inanyesha, mahindi bado hayajakomaa shambani, na kwa wazee wasio na mikorosho hiyo pesa ya korosho haikupita kabisa.

Wengi wanaoandaa shughuli za hisani hufanya kinyume. Wanapitisha bakuli la pesa mwezi ambao pesa hakuna, halafu Februari wanakwenda kununua mahindi kwa bei iliyopanda. Kikundi chetu Agosti huomba chakula, nguvu na damu. Pesa tunaandika ahadi tu. Utaratibu wenyewe ni huu, na kikundi chochote cha mtaa, kwaya, madrasa au VICOBA kinaweza kuufuata.

Hatua ya 1: Andika daftari la wapokeaji kabla hujatangaza lolote

Fanya hivi Julai. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa muuguzi wa zahanati, kwa mwalimu mkuu, na usimruke manyakanga, yule mkuu wa unyago. Wanawake wa kijiji wanamweleza manyakanga mambo ambayo mtendaji hatayasikia ofisini kwake. Ukifika usiulize "mnahitaji nini?", maana utapewa orodha ya kila kitu kuanzia sindano hadi gari. Uliza: "Februari iliyopita ni nani alilala na njaa, na nini kilikosekana?" Swali hilo hujibiwa kwa majina na vitu.

Nasisitiza hapa kwa sababu zawadi nyingi zinaharibikia kichwani mwa mtoaji. Chukua chandarua. Kila mtu akifikiria hisani anafikiria chandarua. Lakini Mtwara, Lindi na Ruvuma ndiyo mikoa ulikoanzia mpango wa kugawa vyandarua shuleni, mwaka 2013, na kliniki nazo huwapa wajawazito na watoto wanaokuja kuchanjwa. Nyumba yenye mwanafunzi inaweza kuwa na chandarua cha ziada kilichokunjwa. Asiyefikiwa ni bibi anayeishi peke yake: si mwanafunzi, si mjamzito. Naye pengine chandarua anacho, ila hana kamba, msumari wala mtu wa kumfungia. Zawadi yake basi ni kijana mmoja na nusu saa.

Au taulo za kike za kufua. Ni zawadi nzuri kwa binti wa sekondari, ila zinataka maji na sabuni, na juu ya uwanda wa Makonde ndoo ya maji hununuliwa. Mwulize matroni kwanza. Shule yenye tangi la maji ya mvua inazifurahia. Shule isiyo na maji itaziweka kabatini, na hapo ni afadhali kupeleka za kutupa. Kwa vyovyote weka na chupi mbili katika kila furushi. Wachangiaji wanaume huwa wanasahau.

Kwa watu wenye ualbino, omba kofia pana na mashati ya mikono mirefu yaliyo mazima. Mafuta ya kukinga jua, kama Kilisun yanayotengenezwa hospitali ya KCMC kule Moshi, yapitie zahanati au chama chao. Usijinunulie losheni yoyote ya dukani ukadhani inafanya kazi hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Dandia shughuli iliyopo

Usibuni tamasha jipya. Turubai, spika na wali wa watu 300 vitakula kila ulichokusudia kugawa. Tafuta shughuli ambayo watu watakwenda tu hata usipowaalika: fainali ya ligi ya mtaa, mkutano wa kijiji, Maulidi. Mwaka 2026 Maulidi yanaangukia tarehe 25 au 26 Agosti, kutegemea mwandamo, na kwa mipango hii hakuna tarehe bora zaidi. Omba wenye shughuli wakupe kona moja na dakika tano za kutangaza.

Usisogeze mbele hadi Oktoba. Mabibo, yaani matunda ya mkorosho, yakishaiva, uraka, pombe yake, ndio utakaoendesha tamasha lako. Wiki ya mtihani wa darasa la saba, mwezi Septemba, nayo iruke, kwa sababu spika na mtihani havikai jirani.

Barua iende kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, nakala kwa mtendaji wa kata na kituo cha polisi. Andika nani anakusanya, nini kinakusanywa na kitatunzwa wapi. Ukurasa mmoja unatosha.

Hatua ya 3: Tangaza vipimo, usitangaze "chochote"

Ukisema "lete chochote ulichonacho" utaletewa viatu vya mguu mmoja. Taja kipimo. Sisi tunaomba debe, nusu debe au kisado cha mahindi makavu, na choroko au mbaazi kwa anayeweza. Debe la mahindi huwa kilo 18 hadi 20.

Ili ujue unatafuta kiasi gani, piga hesabu hii. Mtu mmoja mkadirie gramu 400 za nafaka kwa siku. Kaya ya watu 5 inakula kilo 2, kwa hiyo gunia la kilo 100 linakwenda siku 50. Likianza kuliwa katikati ya Januari linafika mwanzoni mwa Machi, ambapo mboga za majani na mahindi mabichi yameanza kusaidia. Kumbe kaya kumi zinahitaji magunia kumi. Hesabu ikitajwa hivyo mbele ya watu, mwenye debe anajiona ana sehemu.

Asiye na debe achangie mikono. Kazi ninayoipenda kuliko zote ni kufunga mifereji ya kukingia mvua kwenye paa la zahanati au shule. Paa la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 1 linatoa lita 100. Mvua moja ya milimita 20 ni lita 2,000 kasoro zinazomwagika. Mkoa unapata kama milimita 1,000 kwa mwaka, karibu zote kati ya mwishoni mwa Novemba na Aprili, kwa hiyo mfereji utakaofungwa Septemba unakutana na mvua ya kwanza kabisa. Fundi bati na vijana wanne wanaimaliza kazi. Gharama kubwa ni tangi, na hilo liache kwa pesa ya ahadi.

Sare za shule ni zawadi nzuri pia, maana elimu haina ada lakini sare bado ni ya mzazi. Ila Agosti pokea kitambaa tu. Watakaoingia kidato cha kwanza wanajulikana Desemba, na mtoto wa umri huo haachi kurefuka. Fundi cherehani anayeahidi kushona sare tatu bure Januari mwandike kwenye daftari kama mchangiaji wa pesa taslimu.

Hatua ya 4: Siku yenyewe

Meza mbili na mizani moja. Mmoja anapima, mmoja anaandika, mmoja anakagua. Mkaguzi awe mama aliyezoea kupeta, asiwe kijana mwenye simu.

Ukavu pima kwa chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, jaza mahindi hadi theluthi, tia vijiko viwili vya chumvi iliyokauka vizuri, tikisa kwa nguvu, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji. Isipoganda yamekaribia kufaa, ila sisi huyaanika siku moja zaidi, kwa sababu kipimo hiki kinakuambia tu kuwa yako chini ya asilimia 15, na ya kufungiwa yanatakiwa kuwa kama 13.

Mahindi yenye ukungu hayaingii, hata yakitoka kwa shehe au padri. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiondoki kwa kupika. Lakini usimrudishie mtu mbele za watu. Pokea, shukuru, andika jina lake, weka pembeni, jioni yafukieni. Msiwape hata kuku.

Kona ya pili ni ya damu. Kanda ya Kusini ya Mpango wa Taifa wa Damu Salama ina kituo chake Mtwara. Waombe mapema kupitia mganga mkuu wa wilaya au maabara ya hospitali, ukieleza unatarajia watu wangapi. Mchangiaji awe na umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50, wingi wa damu atapimwa hapo hapo. Mwanaume anaweza kurudia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Waambie wale na wanywe maji kabla ya kuja. Kama umedandia fainali ya mpira inayoisha saa kumi na mbili jioni, damu ichukuliwe asubuhi. Mchezaji asiitoe kabla ya mechi, na nahodha mwenye bidii lazima azuiwe kwa maneno makali.

Hatua ya 5: Kuhifadhi

Hapa ndipo vikundi vingi hufia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Adui ni dumuzi, yule wengi wanayemwita Scania kwa jinsi anavyobomoa. Anakula mahindi, anakula na makopa, na miezi mitano inamtosha kukuachia unga wa vumbi. Dawa tunayoiamini ni mfuko wa tabaka tatu: mifuko miwili ya plastiki nzito ndani ya mmoja wa kusukwa. Wadudu waliobaki ndani wanamaliza hewa na kufa, na hakuna kemikali inayoingia kwenye chakula. Maonesho ya Nanenane viwanja vya Ngongo, Lindi, ni mahali pazuri pa kuitafuta na kumbana ofisa kilimo kwa maswali.

Jaza mfuko wa ndani, shindilia ili hewa itoke, sokota mdomo, ukunje, funga kwa kamba. Fanya vivyo hivyo kwa wa pili, kisha wa nje. Ukishafunga usifungue "kuangalia tu", kwani kila ukifungua unawarudishia wadudu pumzi. Makopa usiyatie humo, yana ncha na yatatoboa. Yaweke kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko unaobana.

Sasa mahali. Agosti ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, litakutamanisha, tupu na safi. Liache. Oktoba korosho zitaingia na magunia yako yatatolewa nje, na huenda pembeni kulikuwa na salfa, dawa ya mikorosho. Chakula hakilali chumba kimoja na salfa wala dawa yoyote ya kupulizia, na mfuko uliobeba salfa usibebe chakula hata ukifuliwa mara saba. Tumia chumba cha shule, cha msikiti au cha kanisa chenye kufuli mbili, funguo kwa watu wawili wasio wa nyumba moja. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta, na paka akaribishwe.

Hatua ya 6: Ahadi za pesa

Andika jina, kiasi, na "baada ya mnada". Soma ahadi kwa sauti siku ile ile, mwenyewe akiwa amesimama. Malipo ya korosho yakianza kuingia benki, kumbusha wiki hiyo hiyo, si mwezi unaofuata, maana mabati na harusi havisubiri. Pesa iingie kwenye akaunti ya kikundi inayotaka viongozi zaidi ya mmoja waidhinishe. M-Koba, akaunti ya vikundi ya kwenye simu, inafaa kwa hili. Simu ya mwenyekiti haifai, hata awe mcha Mungu namna gani. Tegemea kwamba baadhi ya ahadi hazitafika. Usiwasome majina wasiolipa: mwakani utawahitaji.

Hatua ya 7: Kugawa

Januari pitia daftari upya. Kuna waliofariki, waliohama, na wajukuu walioletwa kwa bibi. Kisha peleka nyumbani kwa bodaboda, jioni, bila msafara wala bango. Kumpanga mzee mstarini apigwe picha na gunia ni kumfanya alipie zawadi. Kwa watoto wanaolelewa vituoni, pitia kwa ofisa ustawi wa jamii, na sura zao zisiingie mtandaoni.

Damu haitunziki kama mahindi. Chembe nyekundu zinakaa siku 35 tu, hivyo iliyotolewa Agosti haipo tena wakati mvua na malaria vinajaza wodi ya watoto. Wapigie tena wachangiaji wale wale Januari. Wanaume na wanawake wote watakuwa wameshatimiza muda wao.

Gunia likiisha, omba mfuko urudi. Ujaze upepo kama puto, ubane mdomo, usikilize. Usiovuja unatumika tena Agosti ijayo, na unaovuja tabaka la ndani mpe mtu wa kuku akawekee pumba.