Ile insulini "iliyobaki" mwilini, pampu inaijuaje?

Assalaam aleikum wenzangu mnaolea watoto wenye sukari. Mwanangu anatumia pampu ya insulini, kaletewa na ami yake kutoka Muscat, na kilichonitoa jasho kuliko hata kubadilisha kanula (kile kimrija kinachoingia chini ya ngozi) ni ile namba ndogo kwenye skrini imeandikwa IOB, yani insulini uliyompa ambayo bado haijamaliza kazi mwilini. Mie mwanzo nlidhani mashine inapima damu ndo ikajua. Haipimi kitu, inapiga hesabu tu, na hesabu yenyewe inategemea masaa iliyowekewa kwenye setingi, masaa yakiwa siyo basi namba itakuwa siyo kila siku na wewe utaiamini.

Insulini za haraka kama NovoRapid na Humalog zinaanza kazi baada ya dakika 10 mpaka 20 hivi, nguvu yake kubwa iko kati ya saa 1 na masaa 2, halafu inapungua polepole, inaweza kufika masaa 4 au 5. Pampu inajua saa uliyobonyeza na yuniti ngapi, kuanzia hapo inazikata kidogo kidogo mpaka masaa ya setingi yaishe. Kuna pampu zinakata sawasawa kila dakika, kuna zinazokata kwa mkunjo kufuata insulini inavofanya kazi kweli.

Hebu tupige hesabu, na hapa msipite haraka. Saa 7 mchana mtoto kala wali, umempa yuniti 6. Saa 8 na nusu unapima, sukari 14 (namba zangu zote za sukari ni mmol/L), unataka ifike 6, na kwake yeye yuniti 1 inashusha 2. Kushusha 8 anataka yuniti 4. Kama pampu inakata sawasawa na setingi ni masaa 4, imepita saa moja na nusu kwahivo zimebaki 3.75, itakwambia ongeza 0.25 tu. Sasa setingi hiyo hiyo ikiwa masaa 2, pampu itaona zimebaki 1.5 na itakwambia ongeza 2.5! Mwili ni ule ule, insulini ni ile ile, lakini umemzidishia yuniti 2 na robo, na kwa mtoto huyu hizo zinashusha sukari 4.5 zaidi. Hivi ndo dozi zinavopandana, saa 11 jioni mtoto yuko uwanjani anacheza mpira mara anatetemeka, jasho linamtoka.

Kwa hiyo fungua setingi uangalie. Omnipod 5 inakubali masaa 2 mpaka 6, Medtronic 780G masaa 2 mpaka 8, Tandem ikiwa kwenye Control-IQ (yani ikijiendesha yenyewe) inatumia masaa 5 na huwezi kuyagusa. Usibadilishe peke yako, nenda na dokta wake, lakini ukikuta masaa 2 uliza siku hiyo hiyo.

Jengine, pampu inahesabu ilichosukuma, sio kilichofika. Kanula ikijikunja, au insulini imeharibika kwa joto (na jua letu la kaskazi mnalijua, umeme nao ukikatika friji inakuwa kabati tu), namba itasoma kama kawaida na mtoto sukari inapanda. Ukimpiga sindano pembeni pia pampu haina habari nayo mpaka uiingize mwenyewe. Na pampu nyingi hazihesabu ile insulini ya chini inayotiririka kutwa, zinahesabu dozi za chakula na za kurekebisha tu, ila hizi zinazojiendesha baadhi zinaihesabu, kwahivo namba ya jirani usiilinganishe na yako.

Ramadhani ndo pagumu zaidi. Hata asiyefunga anakula na wenziwe, magharibi uji na mihogo ya nazi, baada ya tarawehe tena chakula, katikati kaonja tambi, kila mara dozi. Pale kabla ya kurekebisha angalia IOB kwanza, na ikiwa juu usimpeleke kulala mpaka umempima tena. Akishuka chini ya 4 mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena, usianze kumlisha mkate wa mofa kwanza maana mkate unachelewa kupandisha sukari.

Na nyie mnaotumia sindano au kalamu, hii inawahusu vile vile. Daftari la skuli linatosha, andika saa na yuniti kila ukichoma, kabla ya kuongeza rudi usome juu. Ila kama ni Actrapid, ambayo siyo ya haraka kama zile za juu, msitumie masaa 4, ile inachelewa kuanza na inakaa mpaka masaa 8, muulize dokta muihesabu vipi kwa mtoto wako.